Hospitalini mgonjwa anaulizwa habari zile zile mara tatu, na mara ya tatu jibu linakuwa jengine. Kwa nini?

#1 ShangaziKibokoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Naomba waliofanya kazi wodini wanifahamishe.

Mavyaa wangu alilazwa katika hospitali moja hapa kisiwani Mombasa, homa na mkojo wa kuchoma. Pale anapopimwa presha aliulizwa kama ana mzio wa dawa, akajibu hana. Wodini nesi wa mchana akamuuliza tena, jibu lile lile. Usiku akaja nesi wa zamu nyengine, akavuta kiti akaketi, akasema, "Mama, kuna dawa yoyote uliyowahi kumeza ikakufanya vibaya?" Hapo bibi akafunguka. Zamani alipewa vidonge vya malaria vile vya salfa, midomo ikamvimba, ngozi ikatoka malengelenge hadi viganjani. Yule nesi akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya jalada la faili, kisha akafungua karatasi ya dawa, akakuta ile aliyoandikiwa ya mkojo nayo ina salfa. Akampigia daktari simu pale pale, ikabadilishwa kabla hajameza dozi ya kwanza.

Mimi nasema kuuliza na kuandika ndiko kulikomwokoa mama yule, na kazi hiyo hatuipi thamani yake. Lakini mbona hakusema mara mbili za mwanzo? Na mbona aulizwe mara tatu mtu ambaye jibu lake lishaandikwa?

#2 UtingoMagongo
Kwa sababu hakuna anayesoma alichoandika mwenzake. Basi. Kila mmoja na fomu yake.

#3 NesiMstaafu
Waaleikum salaam Shangazi, na mama Mungu amponye. Utingo, ngoja kidogo, usifunge kesi.

Nimekaa wodini miaka mingi, hapa Mombasa na nje yake. Yule wa kwanza unayemwona na mashine ya presha kazi yake ni kuchuja: nani anaweza kungoja na nani akingoja atatufia kwenye benchi. Anapima joto, mapigo, pumzi, presha, anauliza mambo matatu manne, anaita mwengine. Laini imefika ngazini, hawezi kukaa na mtu mmoja nusu saa. Wa wodini ndiye anayefungua karatasi ya kumlaza mgonjwa. Pale panaandikwa kilichomleta, kilianza lini na vipi, maradhi ya zamani, operesheni, dawa za nyumbani, mzio, maradhi ya ukoo, kazi, anaishi na nani, anakula nini, analala vipi, choo kikoje. Ni kazi mbili mbalimbali, ingawa kwenye masikio ya mgonjwa zinasikika kama swali moja.

Na wa tatu hakuwa na miujiza. Aliuliza tukio. Ukimuuliza bi mkubwa wa Kibokoni "una mzio?" anafikiria mafua ya vumbi. Ukimuuliza dawa gani ilimfanyia vibaya, anakusimulia na rangi ya kidonge. Kisha inabidi uendelee: vibaya vipi? Alitapika tu, au alivimba na kukosa pumzi? Marekani karibu mtu mmoja kati ya kumi ameandikiwa kwamba ana mzio wa penisilini, na wakipimwa, zaidi ya tisa katika kila kumi ya hao hawana. Neno "mzio" peke yake kwenye faili linaweza kumnyima mtu dawa nzuri maisha yake yote.

#4 KaraniWaFaili
Mama Mstaafu shikamoo. Kwa heshima yote, mimi naona tatizo liko kwetu chumba cha kumbukumbu, kabla halijamfikia nesi.

Mtu mmoja ana faili tatu. Mwaka juzi aliandikwa Fatma, mwaka jana Fatuma, mwaka huu amekuja na jina la babu badala ya la baba. Kadi ameipoteza, anafunguliwa mpya. Ule wino mwekundu wa Shangazi uko kwenye jalada la faili moja, na akirudi bila kadi atapewa jalada jeupe kabisa. Na wale wa zahanati ndio zaidi, habari zote ziko kwenye daftari la mistari alilonunua kioski cha langoni. Likoni ana lake, Changamwe ana lengine, na moja mtoto amefanyia hesabu. Nesi akilipokea daftari kama hilo atafanya nini? Ataanza upya.

#5 UtingoMagongo
Si ndiyo niliyosema? Hawasomi.

#6 KaraniWaFaili
Hapana. Ulisema hawasomi. Mimi nasema hakuna cha kusoma.

#7 KijanaTononoka
Jamani karne hii tunazungumza madaftari? Kuna Sheria ya Afya ya Kidijitali tangu 2023. Na tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ilipoanza Julai 2024 unaweka kidole, jina lako linatoka. Si wabonyeze historia nayo itoke?

#8 Ami_wa_Bondeni
Kijana, SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Julai ndiyo iliyopangwa, ikasogezwa. Na kidole chako kinathibitisha kwamba ni wewe na kwamba umesajiliwa. Hakimwambii nesi kwamba 2009 ulilazwa na pumu. Hayo ni mambo mawili. Sheria ikipita leo haimaanishi kwamba kompyuta ya Nyali na ya Port Reitz zimeshaamkiana.

#9 KijanaTononoka
Sawa Ami, lakini hata NHIF, bima iliyoitangulia, haikuwa na hayo kwa miaka yake yote tangu 1966. Tuwape muda.

#10 Ami_wa_Bondeni
Muda tunawapa. Nami nilipewa muda: nilikaa benchi asubuhi nzima mtandao umelala.

#11 MwanafunziUuguzi
Mada nzuri sana, niko chuoni na ndiyo tunayosoma. Kuna utafiti wa Uingereza wa 1975: wagonjwa 80 wapya, na kwa 66 kati yao maelezo yao ya mdomo peke yake yalitosha kuupata ugonjwa, bila kupimwa wala maabara. Kwa hiyo nesi akichukua historia vizuri kazi karibu yote imekwisha.

#12 Kliniko_Pwani
Takwimu ni za kweli, ila ule utafiti ulikuwa wa madaktari, na wagonjwa wenyewe walikuja na barua kutoka kwa daktari wao wa mtaani. Si mtu aliyeletwa na tuktuk kutoka Kisauni saa saba usiku hajitambui. Usiubebe wote ukautua mezani kwa nesi.

Hata hivyo nakubaliana na kiini chake. Mimi ni afisa wa kliniki, na nikipata karatasi ya nesi iliyoandikwa vizuri naanzia mbali. Ikiandikwa tu "homa siku 3" naanza sifuri. Ndiyo marudio yenyewe hayo, Shangazi: namuuliza tena kwa sababu nilichopewa hakinitoshi.

#13 BahariKuu
Wazungu walishapima jambo hili. 1984, Marekani, mgonjwa anaanza kusema, anakatizwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18! Hapo ndipo salfa ya mama ilipopotelea.

#14 Kliniko_Pwani
Hao nao walikuwa madaktari, BahariKuu. Na utafiti uliporudiwa 1999 zikapatikana sekunde 23.

#15 BahariKuu
Maendeleo basi, sekunde tano kwa miaka 15.

#16 MamaPacha
Mie nataka kusema jambo ambalo hamjaligusa. Si kila anayejibu "hapana" hajaelewa swali. Wengine tunaelewa na hatusemi, kwa sababu ya MAHALI tunapoulizwa.

Kliniki niliyokuwa nikienda na mimba, meza ya nesi iko hapa, benchi la wanaongoja liko pale, mkono na nusu. Nyuma yangu jirani yangu wa Majengo, kando yake wifi wa jirani yangu. Nesi anauliza kwa sauti, "Umezaa mara ngapi? Walio hai wangapi?" Nikasema watatu. Nimezaa watano. Wawili nimewazika, na sikuwa tayari kuwafukua mbele ya benchi lile. Akaandika tatu, akaendelea. Kumbe yule wa mwisho alikufa siku ya kuzaliwa, na hilo ndilo alilohitaji kulijua zaidi kuliko yote.

Mara ya pili nilipata nesi aliyenipeleka chumba cha chanjo kilichokuwa kitupu, akafunga mlango, akauliza polepole, akangoja. Nilimwambia yote, hadi saa.

#17 ShangaziKibokoni
Pole sana mama. Mungu akuhifadhie ulio nao.

#18 NesiMstaafu
Pole mama. Na nitaongeza hapo kwa sababu pwani ina lake. Wajawazito wa huku na wa kanda ya Ziwa hupewa vidonge vya kuzuia malaria kila wanapokuja kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Nairobi hawapewi, malaria kule si kama hapa. Vidonge hivyo vina salfa. Kwa hiyo swali la salfa si la hiari kwetu. Pia mama anayetumia dawa ya kila siku ya kujikinga na maradhi kwa sababu ana virusi vya UKIMWI hapewi vile vidonge, kwa kuwa nayo ni ya jamii ya salfa, zitazidiana. Sasa hebu fikirini: nesi lazima ajue kama mama yuko kwenye ile dawa, na mama lazima ajibu, na benchi linasikiliza. Atasema hapana. Kisha anapewa kikombe cha maji ameze pale pale mbele ya nesi.

Sheria ya 2006 ya mambo ya virusi inakataza kutoa siri ya mtu. Lakini sheria haijengi ukuta kati ya meza na benchi.

#19 UtingoMagongo
Kwa hiyo chanzo ni fundi aliyejenga jengo?

#20 MamaPacha
Cheka, lakini ndiyo. Pazia moja tu lingetosha.

#21 Bi_Tudor
Mimi nina maelezo yangu, na nimeuguza watu wengi nyumbani. Watu hawasemi kwa kuogopa kukaripiwa. Basi. Nesi akiuliza "umetumia dawa za kienyeji?" na jicho limeshakutoka, nani atakubali? Mtoto ana degedege, umempaka mafuta, umempeleka kwa mzee akasomewa, umempa kombe la aya anywe, ndipo ukaja hospitali. Ukisema, unaambiwa mbele ya watu "ndiyo maana mnachelewa". Mara nyengine hutarudia kusema. Na huyo nesi ataandika "hakuna" na ataamini hakuna.

#22 Kliniko_Pwani
Bi Tudor umesema kweli kabisa, na degedege ni mfano unaoniumiza. Mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano tunafunzwa kuuliza mambo manne kabla ya lolote: anashindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege katika ugonjwa huu? Yuko hoi au hajitambui? Moja likiwa ndiyo, ni hatari, anakimbizwa. Kama mama ameficha degedege kwa kuogopa maneno, mtoto anarudishwa kwenye laini.

Siku hizi nauliza hivi: "Nyumbani mlimsaidia na nini kabla ya kuja?" Naambiwa yote, mpaka na jina la jirani aliyeleta majani.

#23 Ami_wa_Bondeni
Na muguka je, yale majani ya kutafuna? Mnauliza muguka?

#24 NesiMstaafu
Tunauliza, Ami. Sigara, pombe, miraa, muguka. Mtu mapigo yanakwenda mbio, presha imepanda, halali siku mbili, na kumbe shavu limejaa. Ila ile Mei 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka usiingie Mombasa, ghafla hakuna mgonjwa aliyekuwa anatafuna. Mahakama ikasimamisha lile agizo, lakini hofu ilibaki. Vijana walidhani nesi ni askari wa kaunti. Ilibidi tuanze na "hii haitoki hapa" ndipo waseme.

#25 UtingoMagongo
Hapo mmenigusa. Mimi siulizwi hata siku moja, wanaangalia tu shavu.

#26 MwanafunziUuguzi
😂 Utingo, siku ukija kwetu nitakuuliza.

Nina swali kwa Mama Mstaafu. Mwalimu wetu anasisitiza tuandike maneno ya mgonjwa kama alivyosema, ndani ya alama za kunukuu. Juzi mama akaniambia, "Chango linanipanda". Mwenzangu akaandika maumivu ya tumbo, kwa Kiingereza. Mimi nikaandika alivyosema. Tukabishana. Nani yuko sawa?

#27 NesiMstaafu
Wewe, mwanangu. Ila usiishie hapo. Chini yake unaandika ulichomuuliza: linaanzia wapi, linapanda hadi wapi, linakuja na hedhi au bila hedhi, anapata maumivu akikutana na mumewe, amewahi kuharibikiwa na mimba. Maneno yake ni yake. Unachokiona na kukipima ni chako. Usivichanganye mstari mmoja. Nimewahi kusoma faili limeandikwa "mgonjwa anasema ana presha 160". Mgonjwa hakusema hivyo. Mashine ndiyo iliyosema.

Mengine tuliyoshikishwa zamani na bado naona ndiyo yenyewe: ukikosea, piga mstari mmoja tu, neno lisomeke, weka sahihi. Usipake rangi nyeupe, usichane karatasi. Andika saa. Usiache mstari mtupu ambapo mtu atakuja kujaza baadaye. Usimwandikie mwenzako jambo ambalo hukuliona.

#28 Kliniko_Pwani
Saa hapo ina hadithi. Mgonjwa anasema kutapika kumeanza saa nane usiku, kijana anaandika 2000. Yaani saa mbili jioni. Saa sita zimepotea. Kwa mtu aliyemeza sumu au aliyeumwa na nyoka, saa sita ni tiba nyengine kabisa. Nimeliona zaidi ya mara moja. Nikiwa nao zamu nawaambia mwulize tena: kabla ya adhana ya alfajiri au baada ya isha?

#29 Ami_wa_Bondeni
Na tarehe za kina mama? Mke wangu wa kwanza mimba yake ilihesabiwa kwa Maulidi.

#30 NesiMstaafu
Hilo si kosa, ni njia nzuri, ukijua kulitumia. Mama hakumbuki tarehe 10 Mei lakini anakumbuka siku zake ziliisha mkesha wa Idi, au wiki shule zilipofungwa. Unatoa kalenda yenye miezi ya Kizungu na ya Kiislamu, unatafuta nawe. Lakini hakikisha kwanza ni kuisha au kuanza, kwa sababu tunataka siku ya KWANZA ya hedhi ya mwisho. Kisha unaongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3. Aliyeanza 10 Mei anatarajiwa 17 Februari. Ni kama siku 280. Ukihesabu kwa miezi ya Kiislamu ni kama miezi tisa na nusu, ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakisema "tisa na kitu" na hawakukosea.

Asiyeuliza vizuri hapo, mimba ya wiki 36 inaitwa 40, mama anaanzishiwa uchungu kabla ya wakati.

#31 MamaPacha
Na mume akija naye, mnamwachia ajibu? Maana wangu hujibu yeye tu. "Anaumwa hapa, anakula vizuri, halali." Mimi nimekaa tu nimejifunika, kama sina ulimi.

#32 Bi_Tudor
Na mavyaa je? Mavyaa ndiye anayejibu zaidi. (Shangazi samahani, wako naona ni mtu mwema.)

#33 ShangaziKibokoni
Wangu ni mwema wallahi 😀 lakini nakubali, wako wanaojibu mpaka hedhi za mkaza mwana.

#34 NesiMstaafu
Msaidizi tunamhitaji, hasa kwa mtoto, mzee, na asiyejitambua. Na tunaandika nani aliyetoa maelezo: "maelezo yametolewa na mume". Lakini kuna maswali hayaulizwi mbele ya mume: kupigwa, kupanga uzazi, magonjwa ya ndoa. Mimi nilikuwa namtuma bwana akanunue kadi au akalipe dirishani. Akirudi nishamaliza.

#35 Kliniko_Pwani
Ujanja wa kila kliniki huo. Na hapo kwenye kupanga uzazi kuna shimo lengine. "Mama unatumia dawa yoyote?" "Hapana." Na ana sindano ya miezi mitatu mwilini. Hajadanganya, kwake dawa ni kidonge cha kutibu maradhi, na yeye haumwi. Vivyo hivyo matone ya macho. Vivyo hivyo presha: "Una presha?" "Nilikuwa nayo, ikapona." Ukidadisi, ilishuka akiwa anameza vidonge, akaona 120 kwa 80, akaacha. Leo ana 190. Na operesheni: anasema hajafanyiwa, ukimfunua tumbo kuna kovu la kuzaa.

Ndiyo maana mimi siamini sana hii habari ya faili na kompyuta. Ukiandika "hapana" kwenye kompyuta inabaki "hapana" inayosomeka vizuri.

#36 KaraniWaFaili
Lakini ukiandika ndiyo kwenye karatasi inayopotea, nayo haimsaidii mtu. Kliniko, unapigania nusu ya jambo.

#37 KijanaTononoka
👆 Karani kasema.

#38 Mwalimu_Kisauni
Nimesoma uzi mzima, mmenifunza. Ninavyoona mimi, hakuna aliyeuliza vibaya. Kumbukumbu ndivyo ilivyo. Mtu akiulizwa mara ya kwanza mlango unagongwa tu. Baadaye, amelala, kumetulia, anaanza kukumbuka. Wa tatu angeuliza wa kwanza naye angejibiwa hapana. Nalijua hili darasani kila siku: swali la asubuhi linajibiwa mchana.

#39 NesiMstaafu
Mwalimu, sehemu ni kweli, na ndiyo maana kuchukua historia hakuishi siku ya kwanza. Kila zamu inaongeza. Lakini sikubali kwamba namna ya kuuliza haina uzito. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliliandika 1859, kabla hata ya vipimo tulivyonavyo: usiulize kama mgonjwa amekuwa na usiku mzuri, uliza amelala saa ngapi, na ni saa zipi. Mtu asipolala saa kumi bila kuamka anasema usiku ulikuwa mbaya. Mwengine hajalala kabisa siku tano, naye jibu ni lile lile, usiku ulikuwa mbaya. Maneno mamoja, wagonjwa wawili mbalimbali.

#40 BahariKuu
Na yale ya kusema maumivu ni ngapi kati ya kumi? Babangu aliulizwa akajibu, "Kumi ya nini mwanangu?"

#41 MwanafunziUuguzi
Tunaambiwa sifuri ni hakuna kabisa na kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyawaza. Wazee wengi wa kiume husema mbili huku jasho linawatoka.

#42 NesiMstaafu
Andika mbili, kwa kuwa ndiyo kauli yake. Na mstari wa pili andika jasho, ngumi zilizokunjwa, mapigo. Daktari atasoma yote mawili. Kwa mzee naulizia kazi: maumivu yanakuacha uswali umesimama, au unaswali umekaa? Unaweza kushuka ngazi? Hapo jibu linakuja safi.

#43 Ami_wa_Bondeni
Hilo la kusali nimelipenda. Mimi huniuliza nani?

#44 Wakili_Mtaani
Nimechelewa kuingia. Wengi mnasahau sababu nyengine ya marudio, nayo ni ya kisheria. Nesi anaandika kwa sababu siku jambo likiharibika, kitakachoulizwa ni maandishi. Wenyewe wana msemo: kisichoandikwa hakikufanyika. Kila mmoja anauliza upya ili sahihi yake isimame juu ya kitu alichokisikia mwenyewe.

Na nyinyi wagonjwa mna haki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 26: una haki ya kujua taarifa zako zinatumika vipi, kuziona, na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe. Habari za afya zimetajwa kuwa za siri ya juu. Kwa hiyo MamaPacha anaweza kwenda akasema "hapa pana tatu, ni tano" na waandike.

#45 UtingoMagongo
Karani atamwambia faili halionekani.

#46 KaraniWaFaili
Utingo, njoo na kadi yako, nitakuonyesha lako. Nalijua lilipo.

#47 Bi_Tudor
Wakili, hiyo sababu yako inaniudhi. Kama anaandika kwa kujilinda, basi ndiyo maana anaangalia karatasi na hamtazami mgonjwa. Mama yangu aliulizwa maswali yote na mtu ambaye hakuinua macho. Alijibu hapana mpaka mwisho, hata alipoulizwa kama anakula.

#48 NesiMstaafu
Bi Tudor, nesi mmoja usiku na wodi imejaa mpaka wengine wamelala wawili kitandani, atainua macho mara ngapi? Simtetei, lakini mkimlaumu mtazameni na idadi ya vitanda. Mimi nilikuwa nasikiliza kwanza bila kalamu, dakika chache tu, kisha naandika huku namsomea: "Nimeandika hivi, ni sawa?" Wengi hurekebisha pale pale. Lakini nilifanya hivyo zamu ikiruhusu.

#49 Wakili_Mtaani
Hilo la kumsomea mgonjwa lingewekwa liwe utaratibu nusu ya mashauri ninayoyaona yasingekuwapo.

#50 Kliniko_Pwani
Na nusu ya foleni ingelala hospitali. Tuwe wakweli.

#51 MgeniWaLamu
Samahanini, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Namleta mama kutoka Lamu wiki ijayo kuja kuonwa hapa Mombasa, ana sukari na presha, anatumia dawa nyingi na zengine simjui aliyempa. Karatasi zimetawanyika. Nije na nini ili asiulizwe mpaka achoke?

#52 NesiMstaafu
Karibu. Ataulizwa tu, usimwambie hataulizwa. Usiandike majina ya dawa, njoo na pakiti na chupa zenyewe zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zilizoisha. Za mitishamba pia, hata kama ni unga kwenye karatasi, na kama kuna ya jirani ilete. Andika kwenye karatasi moja: amelazwa lini na wapi, operesheni gani, dawa iliyomdhuru na ilimfanya nini, na kama hufunga Ramadhani, maana dawa za sukari hupangwa kwa hilo. Kipimo cha sukari cha nyumbani kama anacho, mje nacho, kinahifadhi namba za nyuma. Na mwache ajibu mwenyewe kwanza.

#53 KaraniWaFaili
Na jina liwe la kwenye kitambulisho. Lile lile kila mahali, tafadhali.

#54 MgeniWaLamu
Shukran sana. Kwenye kitambulisho wameandika mwaka wa kuzaliwa si wenyewe, tufuate upi?

#55 Ami_wa_Bondeni
Hapo sasa umefungua uzi mwengine.

#56 KaraniWaFaili
Faili lifuate kitambulisho. Umri wa kweli mwambieni nesi auandike kwenye maelezo.

#57 Kliniko_Pwani
Auandike, kwa sababu dozi nyengine zinategemea umri na figo. Mama ana miaka mingapi kwa makadirio yenu?